Kituo Namba Saba na Magoti ya Bi Tatu

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako Mama yangu, Bi Saada, Ndagoni, Mafia.

Shikamoo Mama. Assalaam aleikum wewe na kila aliyemo humo ndani. Hujambo Mama? Kifua kimetulia? Miguu je, na usingizi? Na ule mnazi ulioinamia jikoni mmeshaukata au bado mnaugombania? Mimi huku ni mzima, mwili hauna neno. Ila roho imechafuka, Mama, imechafuka kwelikweli, na wa kumwambia ni wewe.

Usishtuke kuona barua wakati simu ipo. Anakuletea mwalimu Neema, yule wa bara anayefundisha huko Kilindoni, alikuja kwao likizo. Ataiacha dukani kwa Bwana Akbar, na mdogo wangu Zuhura ataichukua akienda kununua unga. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningepandisha sauti, nami sitaki kumpandishia mama yangu sauti. Tena kwenye simu mimi na wewe hatufiki mbali. Hujambo, sijambo, umekula, nimekula, haya mwanangu, kwisha. Haya ya leo ni marefu, na mengine ni ya kukulaumu wewe mwenyewe, kwa hiyo jiweke vizuri.

Unajua kwamba nimeajiriwa na kampuni inayopanga reli mpya ya mjini. Ni treni ya kuchukua watu asubuhi na kuwarudisha jioni, yenye vituo kumi na viwili. Ukiwasimulia majirani usiseme mwanangu anajenga reli, maana najua utasema. Mimi ni karani wa madodoso. Napita nyumba kwa nyumba na fomu, nauliza mko wangapi, wangapi wanatoka asubuhi, wanakwenda wapi. Majibu yanapelekwa ofisini, wakubwa wanakisia kila kituo kitapata abiria wangapi, kisha wachoraji wanachora kituo kwa kufuata makisio hayo. Wakitarajiwa wengi, kituo kinapata paa, viti na milango mipana. Wakitarajiwa wachache, kinakuwa kijukwaa cha saruji juani. Wakiwa wachache zaidi ya hapo, treni ya asubuhi inapita bila kusimama.

Mtaa wetu ni Kituo Namba Saba. Na kituo hiki, Mama, nilikitaka kwa ajili ya Bi Tatu kuliko kwa ajili yangu. Bi Tatu mwenye nyumba wangu unamfahamu, ni wa Kirongwe, mlicheza wote utotoni. Bado anauza mikate ya kumimina sokoni, na bado anaibeba mwenyewe. Lakini magoti yamekwisha. Kila asubuhi namchua kwa mafuta ya nazi ndipo anyanyuke kwenye kigoda. Kutoka nyumbani hadi barabara ya mabasi anapumzika mara nne, na mara zote nne anajifanya amesimama kumsalimia mtu. Alipopata habari za reli alifurahi kama mtoto. "Treni ikija, Rukia," aliniambia, "nitakaa dirishani na beseni langu mapajani kama mke wa waziri."

Sasa sikiliza kilichotokea.

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye chumba cha mikutano. Mkuu wa kitengo chetu ni Bwana Elisha, mtu wa bara, mstaarabu, anapiga pasi mpaka leso. Ukutani alikuwa ameweka mchoro wa vituo vyote na makisio ya abiria, kila kituo na mstari wake. Kituo Namba Tano mstari ulipanda mpaka karibu na dari. Namba Sita hivyo hivyo. Namba Saba ulikuwa mfupi kama kidole gumba.

"Mtaa huu watu wake hawatoki nyumbani," akasema Bwana Elisha. "Nashauri treni ya asubuhi isisimame hapa."

Nikasimama. "Wanatoka, Bwana Elisha. Asubuhi njia haipitiki kwa watu."

"Fomu zinasema hawatoki."

"Fomu zimekosea."

Akanitazama juu ya miwani. "Fomu ni zako, Rukia. Mwandiko ni wako, saini ni yako."

Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Kwa sababu ni kweli, mwandiko ni wangu. Na nilijua papo hapo kosa limetoka wapi. Limetoka Ndagoni, limetoka kwako.

Mtaa wetu huku ni wa watu wa pwani. Wa Mafia, wa Kilwa, wa Rufiji. Nami nilipita milangoni mwao nikiuliza kwa sauti, mbele ya wapita njia, "Mko wangapi humu ndani?" Nani wa kwetu anajibu swali hilo? Kila mlango niliambiwa, "Tupo, tupo kidogo." "Tupo wawili watatu hivi." "Mungu ametujaalia, mwanangu, andika tu." Bi Tatu mwenyewe, nyumba yenye watu tisa, mmoja wao ni mimi niliyekuwa nimeshika kalamu, alinitazama machoni akasema, "Tupo watatu." Nami nikaandika watatu! Huku nyuma yake nawasikia wanagombania ndoo ya kuogea. Sikuona ajabu, Mama. Mkono uliandika wenyewe, kwa sababu ndivyo ulivyonilea. Nyumba haihesabiwi mbele ya mgeni, kijicho kipo.

Unakumbuka walipokuja wale wa vyandarua? Uliwaambia una watoto wawili. Wakatupa chandarua kimoja cha watoto wawili, wakaenda zao, tukalala wanne chini ya kimoja, miguu nje, mbu wanakula. Zuhura alilia usiku kucha, nawe ukatuambia tunyamaze, kidogo chenye salama ni bora. Mpaka leo nikisikia mbu nakukumbuka.

Basi nikamweleza Bwana Elisha. Wenzangu wakacheka. Mmoja akauliza kama watu wetu wanaogopa kurogwa na fomu. Nikamwambia si uchawi, ni adabu, na yeye hana hata moja, sijui hiyo nyingine ni ipi. Nilikasirika, Mama, maneno yalikuwa yananitoka ovyo. Kwao Bwana Elisha ukimuuliza mtu, wapo wangapi nyumbani, atakutajia na ng'ombe. Hakuelewa, lakini hakucheka, nampa haki yake. Alisema fomu zikishafungwa hazifunguliwi, isipokuwa pale ambapo karani amekosea. "Uko tayari kuandika kwamba umekosea wewe?"

Nikaandika. Karatasi nzima, kwamba mimi Rukia nilijaza fomu bila umakini. Imewekwa kwenye faili langu, na onyo juu yake. Wewe uliyekuwa unajisifu nina mwandiko mzuri, ndiyo kazi uliyofanya mwandiko huo.

Nikapewa siku tatu kurudia. Usiku wa kwanza nilijilaza nikiwaza nitauliza vipi, ndipo nikakukumbuka tena, safari hii bila hasira. Wewe hukutuhesabu hata siku moja, lakini ulijua nani hajarudi. Ulikuwa ukihesabu vikombe. "Vikombe vinane, kimoja hakijanywewa, nani bado yuko pwani?" Basi nikaenda milangoni na fomu ile ile, nikauliza, "Asubuhi mnamimina vikombe vingapi?" Mama, walijibu kama wanaoimba. Kumi na kimoja, na bilauri ya babu. Saba, na kile cha mpangaji wa uani. Kisha nikauliza, "Vingapi vinanywewa wima?" Maana anayekunywa chai wima ndiye anayewahi kazini, na huyo ndiye abiria wangu. Nyumba ya Bi Tatu: vikombe tisa, saba vinanywewa wima.

Bwana Elisha aliposoma akasema kikombe si mtu. Nikamwambia aje aone. Akaja kweli, saa kumi na mbili asubuhi, na suruali yake ya kupigwa pasi, akasimama uani kwa Bi Tatu. Watu wakatoka mmoja mmoja, wanapuliza chai, wanavaa viatu, wanakwenda. Alihesabu kimyakimya kwa kugusa vidole. Bi Tatu hakunyanyuka kwenye kigoda, nilikuwa bado sijamchua, alimpa kikombe kutoka pale pale alipoketi. Bwana Elisha akakinywa wima. Akaondoka, na wiki iliyofuata mstari wa Namba Saba ukapanda mpaka ukakaribia ule wa Namba Sita. Treni itasimama. Siku hiyo nilinunua kuku, tukala wote nyumba nzima, na Bi Tatu akaanza kuuliza ni upande gani wa treni usiopigwa na jua.

Hapo ningefunga barua na ingekuwa barua nzuri. Lakini Alhamisi hii iliyopita mchoro wa kituo ulitoka.

Ni kituo kizuri, Mama, sikatai. Kina paa, viti na bomba la maji. Lakini reli inapita katikati ya barabara kubwa, kwa hiyo abiria wanavuka kwa daraja la juu. Nikatafuta wanapandia wapi. Ngazi upande huu, ngazi upande ule. Nikazihesabu kwenye mchoro, arobaini na nne kupanda, arobaini na nne kushuka. Nikatazama Namba Tano na Namba Sita. Wao wamewekewa njia ya mteremko, ile ndefu inayopanda polepole, isiyo na ngazi hata moja.

"Mteremko wetu uko wapi?" nikamuuliza Bwana Elisha.

"Haukuombwa."

"Nani aliulizwa?"

Akatoa fomu zangu. Swali la tisa: Je, katika nyumba hii yupo mtu mwenye shida ya kutembea au kupanda ngazi? Akawa ananifunulia moja moja. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Zote mwandiko wangu, mtaa mzima, kana kwamba tunaishi wanariadha watupu. Nikamwambia anionyeshe ya nyumba ya Bi Tatu. Akaitafuta. Hakuna, alhamdulillahi. Nimeandika hata hiyo alhamdulillahi, Mama. Na mikono iliyoandika ilikuwa bado inanukia mafuta ya magoti yake.

Nilirudi nyumbani sioni njia. Nikamkuta Bi Tatu anachekecha unga. Hata shikamoo sikumpa, Mungu anisamehe.

"Bi Tatu, nilikuuliza kama kuna mtu hawezi kupanda ngazi. Kwa nini ulisema hakuna?"

Akashangaa. "Lini?"

"Siku ya fomu! Mlangoni!"

"Ala, ile?" akasema, akaendelea kuchekecha. "Wewe ulikuja na wenzako, mmevaa vizibao, ukaniuliza hali. Nikakuitikia. Ulitaka nisimame mlangoni niwavulie wageni magoti?"

"Ile haikuwa salamu! Ilikuwa fomu!"

"Mtu akiniuliza habari za mwili wangu mbele za watu, mimi namwambia sijambo. Hata ningekuwa nimelazwa. Mama yako hakukufundisha?"

Amenifundisha. Ndilo tatizo.

Ijumaa asubuhi nikamwomba Bwana Elisha niisahihishe. Akavua miwani, akasema kwa upole, jambo lililonikera zaidi. "Rukia, karani anakosea mara moja. Akikosea mara ya pili, kosa si la fomu tena. Faili linafungwa Jumatatu. Ukiandika karatasi nyingine kama ile, mimi siwezi kukutetea." Nikamwambia mtu mwenyewe nitamleta, amwone kwa macho yake, si lazima fomu. Akakubali, nadhani kwa kuchoka nami.

Mama, ofisi yetu iko ghorofa ya pili na lifti imeharibika. Mimi niliiona hiyo kama bahati. Nikamleta Bi Tatu mchana ule ule, baada ya sala. Njiani nikamsihi, nikamshika mikono, nikamwambia Bi Tatu, leo sema. Akiuliza, sema magoti. Kwa ajili ya treni yako. Akaniambia haya mwanangu, nimesikia, mimi si mtoto.

Alipanda zile ngazi kwa mkono mmoja ukutani na mwingine begani kwangu. Anaweka mguu wa kulia, anauvuta wa kushoto, anasimama. Kwenye kona alikaa chini kabisa, akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Bwana Elisha alikuwa amesikia sauti zetu, akatoka, akasimama juu kule anatutazama. Aliona ngazi kumi za mwisho zote. Niliacha macho yake yafanye kazi. Bi Tatu akafika, amekwisha, anahema, miguu inamtetemeka mpaka kanga inacheza.

"Shikamoo mama," akasema Bwana Elisha. "Pole sana. Hujambo?"

Akavuta pumzi, akauweka sawa mtandio, akatabasamu.

"Marahaba baba. Sijambo kabisa, alhamdulillahi."

Mama! Nilitaka kupiga kelele. Nikamwambia, "Bi Tatu, mwambie!" Akanitazama kama niliyemtukana, akamuuliza Bwana Elisha habari za watoto.

Bwana Elisha alimjibu kwamba hawajambo. Kisha akatuingiza ndani, akampa kiti, akachukua kalamu ya risasi, akachora mistari miwili myembamba kando ya daraja la Namba Saba. Akaandika: nafasi ya mteremko, baadaye. Nikamuuliza baadaye lini. Akasema, "Watakapouomba, Rukia. Mimi nimeona, lakini siwezi kuandika nilichokiona. Nahitaji jibu lao." Nikaenda chooni nikalia kwa hasira mpaka mwenzangu mmoja akaja kugonga mlango.

Wakati wa kushuka, Bi Tatu anashuka kwa ubavu, ngazi moja moja, ananiambia, "Yule kijana ana adabu. Umeona alivyoniuliza hali?"

Kwa hiyo kesho Jumatatu faili linafungwa. Treni itasimama kwa vikombe vyetu, na Bi Tatu ataiangalia kutoka chini ya ngazi arobaini na nne. Mistari miwili ya kalamu ya risasi haimfikishi mtu dirishani. Sijui nimkasirikie nani. Kampuni iliuliza vibaya, mimi niliandika vibaya, naye amejibu vizuri mno.

Lakini Mama, siku mbili hizi hasira yangu imehamia kwako, na sababu ninayo. Zuhura ameniambia. Usimkaripie mdogo wangu, nilimbana mwenyewe mpaka akasema. Kwamba tangu mvua zile unaswali umekaa kitini. Kwamba unatembea ndani umeshika ukuta. Kwamba Kirongwe kwa Shangazi Mwanaidi hujafika muda mrefu, na pikipiki huwezi kuipanda kwa sababu mguu haupiti juu ya kiti. Nimekupigia simu kila Ijumaa miezi yote hiyo, Mama. Kila Ijumaa nimekuuliza, na kila Ijumaa umeniambia, "Hatujambo sote, alhamdulillahi, usiwe na wasiwasi." Nami nimekata simu nikiwa na amani, nimeandika kichwani mwangu: Hakuna.

Mimi si mgeni mlangoni kwako. Sina kizibao.

Nisalimie Zuhura, mwambie namshukuru na asiogope. Mjomba Shomari akirudi kutoka dago la wavuvi kule Shungimbili mpe salamu zangu, mwambie pweza mkavu aliyenipa tulimmaliza siku ya kuku. Shangazi Mwanaidi mwambie mwenzenu Bi Tatu anamkumbuka, anauliza korosho. Bwana Akbar mshukuru kwa kutunza barua. Na Bi Tatu mwenyewe anakusalimu sana, amenisimamia hapa mlangoni niandike kwamba hajambo. Nimeandika.

Mwanzo wa barua hii nimekuuliza hujambo, miguu je, usingizi je. Niliuliza kwa mazoea, na mimi mwenyewe nikakuandikia mwili wangu hauna neno. Si kweli. Naanza mimi. Tumbo linaniwaka tangu siku ile ya mkutano, chakula hakikai, na usingizi nausikia kwa wenzangu ng'ambo ya ukuta. Hayo ndiyo ya kwangu, sijamwambia mtu mwingine.

Sasa wewe. Mkalishe Zuhura na kalamu, funga mlango, hakuna mgeni. Mama, hujambo? Safari hii usiniitikie. Nijibu.

Mwanao,
Rukia